Somo la Wanachama: Ziara ya Siku Moja Katika Mashamba ya Chai



Vyama vyetu vya msingi katika Bukoba na Muleba huweka katika makisio ya mwaka fungu la ziara ya mafunzo. Fungu hilo ni la haki, kwa kuwa elimu ya wanachama ni mmojawapo wa misingi ya ushirika. Lakini katika kupitia vitabu vya vyama, mara nyingi nimekuta hati ya malipo ya basi, hati ya malipo ya chakula, na picha ya kundi la watu waliosimama langoni mwa kiwanda. Zaidi ya hayo hakuna kitu. Mwanachama aliyebaki nyumbani akiuliza katika mkutano mkuu fedha zile zimemletea nini, hujibiwa kwamba safari ilikuwa nzuri na wenyeji walikuwa wakarimu. Jibu hilo halimtoshi yeye, wala halimtoshi mkaguzi.

Somo la leo ni juu ya ziara ya namna moja tu: kwenda kutazama chai na kurudi nyumbani siku ile ile. Nimeichagua chai kwa sababu haiko mbali. Maruku, penye mashamba ya chai na kiwanda chake, pako katika Wilaya ya Bukoba, na hata wanachama wa Muleba wanaweza kuondoka alfajiri na usiku wakalala makwao. Sababu ya pili ni kubwa kuliko hiyo: chai humwonyesha mkulima wa kahawa jambo ambalo kahawa yake mwenyewe humficha. Jambo hilo tutalifikia.

Wanayoonyeshwa watalii wa India

Katika nchi nyingine ziara ya chai ni biashara kubwa. Huko India watu hutoka mijini na ng'ambo kwenda Darjeeling upande wa kaskazini, Munnar katika jimbo la Kerala, na milima ya Nilgiri katika jimbo la Tamil Nadu. Nilgiri hupandwa kwa treni ndogo inayoanzia Mettupalayam. Reli yake ilifika Coonoor mwaka 1899 na Udhagamandalam mwaka 1908, na kwa kuwa mlima ni mkali, penye mwinuko mkubwa treni hujishikilia kwa gurudumu la meno katika reli ya katikati isije ikateleza. Mgeni huonyeshwa vilima vya kijani, wanawake wakichuma, mashine zikinguruma. Huonjeshwa kikombe, hununua pakiti, na kabla ya magharibi amekwisha rudi hotelini. Kiongozi wa ziara husimulia vizuri, maana ndiyo kazi yake.

Simlaumu mtalii. Amelipa ili afurahi, naye amefurahi. Lakini katika milima hiyohiyo ya Nilgiri kuna kitu ambacho mwanaushirika angekitafuta kabla ya kikombe, navyo ni viwanda vya chai vinavyomilikiwa na vyama vya ushirika vya wakulima wadogo. Cha kwanza kilianzishwa Kundah mwaka 1962, na mwaka 1965 likaundwa shirikisho lao liitwalo INDCOSERVE, lenye makao yake Coonoor, ambalo limekusanya viwanda 16. Mkulima wa huko mwenye shamba dogo hupeleka majani katika kiwanda ambacho yeye ni mwanachama wake. Mtu anaweza kuizunguka milima hiyo kutwa nzima akapiga picha mia moja na asilijue jambo hilo, kwa sababu hakuuliza.

Munnar inatufundisha zaidi. Mwaka 2005 mashamba makubwa ya huko yaliingia mikononi mwa kampuni mpya, Kanan Devan Hills Plantations, ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa ya wafanyakazi wenyewe. Kwa maandishi, mchumaji alikuwa mmoja wa wenye mali. Hata hivyo, Septemba 2015 maelfu ya wanawake wachumaji waliacha vikapu, wakaifunga barabara ya Munnar, wakadai bonasi ya asilimia 20 baada ya kuambiwa kwamba mwaka ule watapewa asilimia 10. Tena walikataa kusemewa na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambao waliwaona wamekaa upande wa kampuni. Baada ya siku 9 walipata asilimia 20 waliyoidai.

Ndugu zangu, isomeni habari hiyo polepole. Mwenye hisa hakai barabarani juani kudai fungu lake ikiwa anaamini kwamba kitabu cha hesabu ni chake pia. Katika vyama vyetu sisi sote tuna hisa. Ni wangapi wamewahi kuomba kukiona kitabu?

Rweya ilivyogeuka shamba

Turudi kwetu. Wazee wa nchi hii walijua kugawa ardhi. Kibanja, kilichorutubishwa kwa samadi na nyasi kizazi baada ya kizazi, kilikuwa cha migomba na kahawa. Rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ilikuwa ya malisho, ya nyasi za kuezekea na kutandaza kibanjani, na ya vishamba vya msimu ambavyo aghalabu vililimwa na akina mama. Udongo wa rweya ni mnyonge na una tindikali. Maharage hayaupendi, lakini mchai hustawi katika udongo wa namna hiyo, wenye kipimo cha tindikali kati ya 4.5 na 5.5, mradi mvua iwepo. Na mvua katika ukanda wa ziwa karibu na Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Mamlaka ya Chai, iliyoundwa mwaka 1968, ilipoeneza chai kwa wakulima wadogo katika sehemu kama Rungwe, Lupembe, Lushoto na Bukoba, kwetu chai ilipewa rweya.

Hapo pana swali la kwanza la kuuliza, na wageni wengi hawaliulizi. Rweya haikuwa ardhi isiyo na kazi. Nyasi zilizokuwa zikienda kufunika udongo wa kibanja zilitoka huko. Basi mwulizeni mkulima wa chai: tangu chai ipandwe, nyasi za migomba yako unazitoa wapi? Na vile vishamba vya akina mama vilihamia wapi? Kama chama chenu kinafikiria zao la pili, majibu ya maswali hayo yana faida kuliko hotuba yoyote ya makaribisho.

Shambani mtaona michai imekatwa sawasawa kama meza. Ukiuacha mchai ukue upendavyo, huwa mti. Ukataji ndio unaoulazimisha utoe machipukizi mahali ambapo mkono wa mchumaji unafika. Kila baada ya miaka mitatu au minne hukatwa chini zaidi, na kwa kipindi fulani shamba huwa halina mapato. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi lao, na mchumaji hurudia mstari uleule kila baada ya siku 7 hadi 14 kwa kufuata mvua. Kila mgeni na achume kwa muda wa nusu saa, halafu apime alichopata. Wajumbe wa kamati, ambao kwa kawaida ni wanaume, hunyamaza kidogo baada ya zoezi hili.

Mahali penye somo

Sasa nenda kwenye mizani. Hapo ndipo ningetaka mtumie robo ya siku yenu, hata kama mwenyeji anawaharakisha kwenda kuona mashine.

Mkulima wa chai hupima mara nyingi kuliko mkulima wa kahawa. Mwenye kahawa huja chamani mara chache katika msimu. Mwenye chai huja kila uchumaji, mwaka mzima. Kwa hiyo kosa dogo la mizani, ambalo kwa kahawa lingeumiza mara tatu au nne, kwa chai huumiza mara thelathini. Tazameni kama sindano inasimama kwenye sifuri kabla gunia halijatundikwa. Tazameni uso wa mizani umeelekea wapi: kwa karani peke yake, au kwa mkulima pia. Je, uzito hutajwa kwa sauti? Je, huandikwa papo hapo katika kitabu cha kituo na katika stakabadhi ya mkulima, kwa tarakimu zilezile? Itafuteni alama ya Wakala wa Vipimo, na muusome mwaka wake.

Halafu ulizeni juu ya makato. Gunia lina uzito wake, na majani yaliyochumwa kwenye mvua yana maji. Kukata kilo kadhaa kwa sababu hizo si dhuluma, ikiwa kanuni imeandikwa, imebandikwa ukutani, na inamhusu kila mtu. Huwa dhuluma pale karani anapokadiria maji kwa jicho, kwa rafiki yake kidogo na kwa mjane mengi.

Kuna pia nusu kilo. Gunia likipima kilo 23 na nusu, makarani wengi huandika 23. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kituo kina wakulima 200, na kila mmoja hupima mara 30 kwa mwaka, na kila mara huachwa nusu kilo. Hizo ni kilo 3,000 za majani mabichi. Kwa kuwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, nusu kilo zile ambazo hakuna aliyezijali zimekuwa zaidi ya kilo 650 za chai iliyo tayari kwa soko. Ziko wapi? Ni kweli kwamba majani hupoteza maji njiani, na upungufu kiasi ni wa haki. Lakini kituo ambacho huandika pungufu kila siku na bado kikafika kiwandani na upungufu ule ule kama kile kinachoandika sawasawa, kina maelezo ya kutoa. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe uzito wa kituo na uzito wa kiwanda wa siku moja, mkauweke pamoja. Akikubali bila kusita, mmejifunza kitu. Akikataa, mmejifunza pia.

Kiwandani hatuhitaji kukaa sana. Majani hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye waya, yakapulizwa hewa kwa muda wa saa 12 hadi 18 yanyauke. Hukatwakatwa na kusagwa na mashine. Huachwa yachachuke hadi rangi igeuke kutoka kijani kuwa ya shaba. Hukaushwa kwa joto mpaka maji yabaki kama asilimia 3. Mwisho huchekechwa katika madaraja. Harufu ya chumba cha kuchachusha ni nzuri mno, na wageni hupenda kusimama hapo. Ulizeni habari za kuni na umeme, kwa maana gharama ya ukaushaji hutoka katika bei ya mkulima. Ulizeni pia chai huuzwa wapi. Kwa miaka mingi chai ya nchi hii iliyopelekwa mnadani ilikwenda Mombasa, na mnada wa Dar es Salaam ulizinduliwa mwaka 2023. Mkulima anayejua bei ya mnada wa juma lililopita huongea na mnunuzi kwa namna nyingine kabisa.

Kahawa husubiri, chai haisubiri

Hili ndilo jambo nililolitaja mwanzoni. Kahawa yetu ya robusta ikikaushwa vizuri katika maganda yake inaweza kukaa ghalani miezi kadhaa. Chai haiwezi. Majani yakibanwa katika gunia hupata joto, hugeuka mekundu, na yasipofika kiwandani siku ileile ni taka. Tena hayauzwi sokoni Kashai wala hayapikwi nyumbani. Mnunuzi wake ni kiwanda peke yake, na kiwanda sharti kiwe karibu. Mkulima wa chai akishachuma, uwezo wake wa kubishania bei umekwisha.

Ndiyo maana kiwanda kikisimama, msiba huwa wa kila nyumba. Mwaka 2013 kiwanda cha Mponde, Lushoto, kilifungwa kutokana na mgogoro baina ya wakulima na mwekezaji, na michai ya wakulima wengi ikaachwa ikawa kichaka. Mtazamaji wa nje angeuliza kwa nini hawakuuza kwingine. Mtu aliyesimama kando ya gunia la majani yaliyoanza kupata joto hawezi kuuliza swali hilo.

Kwa upande wa pili, chai ina neema yake. Humlipa mkulima mara nyingi kwa mwaka. Tazameni wenzetu wa Kenya: wakulima wadogo wanaohudumiwa na KTDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, hupokea malipo ya awali kila mwezi kwa kilo za majani waliyopeleka, kisha mwisho wa mwaka wa hesabu hupata bonasi kwa kadiri kiwanda chao kilivyouza. Malipo ya kila mwezi si makubwa, lakini ada ya shule ikifika kuna kitu cha kushika.

Sasa angalieni kahawa. Sisi tuna zao linaloweza kusubiri bei, nasi ndio tunaoliuza likiwa maua mtini. Sihitaji kumweleza mtu wa Kagera maana ya butura. Serikali imeikataza, viongozi wameikemea katika kila mkutano, na bado kila mwaka mtu hubisha hodi usiku akiwa na fedha mkononi, kwa kuwa anajua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mgonjwa au kuna barua ya shule. Kwa maoni yangu tumeishughulikia butura kana kwamba ni tabia mbaya ya mkulima. Chai inatuonyesha kwamba kisa chake ni nafasi ndefu kati ya malipo na malipo. Kahawa inaweza kusubiri; mkulima ndiye asiyeweza. Chama kinachotaka kuiua butura kitafute namna ya kumfikishia mwanachama fedha kidogo katika miezi mikavu: akiba na mikopo iliyo hai, malipo ya awali yanayotolewa siku ya kupima, malipo ya pili yanayokuja katika tarehe iliyotangazwa. Wajumbe wakirudi kutoka Maruku wakiwa wameuliza hasa namna na tarehe za malipo ya majani, zikiwemo siku ambazo malipo yalichelewa na wakulima walivyoishi katika kungoja, nauli yao imelipa.

Kazi ya katibu kabla na baada

Katibu aandike barua kwa kiwanda na kwa viongozi wa wakulima wa chai, zote mbili, kwa maana kiongozi wa kiwanda ataonyesha kiwanda na mkulima ataonyesha shamba lake. Athibitishe kwamba siku hiyo uchumaji na usindikaji unafanyika. Kiwanda kisichowaka ni jengo tu. Asipange ziara katika siku za senene. Nasema hili kwa mzaha nusu, kwa maana mwezi Novemba akili za watu wetu huwa kwenye taa.

Wajumbe wasizidi 15, na nusu yao wawe wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaojua kazi ya kuchuma na kuanika. Karani wa mizani wa chama aende. Ajabu ni kwamba karani huachwa nyumbani kulinda ghala, na wajumbe wanaokwenda hawajawahi kuandika stakabadhi hata moja. Kila mjumbe apewe swali lake moja la kufuatilia kutwa nzima, naye aliandike jibu kabla ya kupanda basi la kurudi, wakati bado analikumbuka.

Taarifa iwe tayari ndani ya siku 14, isizidi kurasa mbili, iambatane na hati zote za malipo, nayo isomwe katika mkutano mkuu na siyo katika kamati peke yake. Iseme waliona nini, walinyimwa kuona nini, na chama kitabadilisha jambo gani na kuanzia tarehe gani. Nikija kukagua, hiyo ndiyo nitakayoiomba kwanza, kabla ya daftari la fedha.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya masomo: Katika chama chetu, uso wa mizani umeelekea wapi? Kanuni ya makato ya gunia na unyevu imeandikwa wapi, na nani aliipitisha? Kati ya wanachama wa kitongoji chetu, ni wangapi waliouza kahawa ikiwa mtini mwaka jana, na fedha waliyoihitaji ilikuwa kiasi gani? Nusu kilo zinazoachwa ghalani kwetu huandikwa katika ukurasa gani?